Injini ya Asili Kwenye Camaro ya 1969: Hoja Iliyo Zaidi ya Majivuno

Wanaofufua magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 wamegawanyika makundi mawili yaliyozoea kudharauliana. La kwanza linataka gari lirudi na injini ileile iliyotoka nayo kiwandani, namba za bloki zikilingana na za chasisi, na spea zote ziwe za miezi ileile gari lilipotengenezwa. La pili linaona huo ni ushabiki wa matajiri wanaofunika magari kwa turubai. Gari ni la kuendeshwa, wanasema, na injini ya kisasa huwaka kwa mara ya kwanza, hunywa mafuta kidogo na haidondoshi oili sakafuni.

Hoja ya kundi la pili inaingia akilini haraka. Ile ya kwanza husikika kama majivuno, na lawama kiasi ni za watetezi wake wenyewe, maana huanza na bei ya mnada. Watakutajia Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa gumu, iliyouzwa dola milioni 3.5 kwenye mnada wa Mecum mjini Seattle mwezi Juni 2014. Magari ya aina hiyo hayafiki hata dazeni moja duniani, kwa hiyo bei yake haimfundishi kitu mtu mwenye Camaro ya Chevrolet uani. Hoja yenye uzito iko kwenye chuma, na inabadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Chukua Ford. Herufi ya tano ya namba ya chasisi ya Mustang inataja injini: K ni 289 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) ya nguvu za juu, R ni 428 Cobra Jet. Juu ya hapo, kumbukumbu za utengenezaji wa Ford kuanzia modeli za 1967 zipo, na mwenye gari hununua ripoti ya kampuni ya Marti inayoonyesha gari lilivyoagizwa. Chrysler, wenye Plymouth, nao ni hivyohivyo: kwenye namba ya 'Cuda ya 1970 inayoanza na BS23R, ile R ndiyo injini ya Hemi. Injini ya magari hayo ikipasuka na kutupwa, hasara ni kubwa, lakini gari bado linaweza kujieleza lenyewe. Chasisi inasema nilizaliwa hivi.

Chevrolet haisemi. Namba ya Camaro ya 1969 ikianza 124379N, ile 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya silinda nane, 37 ni bodi ya kupe, 9 ni mwaka, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Basi. Silinda nane hizo zinaweza kuwa 307 ya mtu wa kawaida, 350, 396, au ile 302 ya Z/28, toleo la Camaro la mashindano. Magari ya Norwood ya sehemu ya baadaye ya msimu yana msimbo kwenye kibati cha bodi, X33 au X77, unaothibitisha Z/28, lakini ya mwanzo wa msimu hayana, na yaliyotoka kiwanda cha Van Nuys, California, hayana kabisa. Hubaki karatasi: fomu ya kiwandani iliyoachwa juu ya tangi la mafuta, ambayo mara nyingi imeshaliwa na kutu na panya, au kile kibati cha dhamana kilichokuja na kijitabu cha gari. Mwenye bahati anavyo. Asiye navyo ana bloki tu.

Hapa ndipo wengi wanaoipuuza injini ya asili wanapokosea hesabu. Wanaizungumzia kama spea, wakati kwa Chevrolet nyingi ni hati.

Z/28 ya 1969 ilitengenezwa magari 20,302. Ilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya Trans-Am yaliyoweka kikomo cha inchi za ujazo 305, ndiyo maana injini yake ina kipenyo cha silinda cha inchi 4.00 na mwendo wa pistoni wa inchi 3.00, jumla 302. Ukiondoa injini, kila kinachoitambulisha kinapatikana dukani: rimu za inchi 15 kwa 7, difu la bolti 12, giaboksi ya Muncie, breki za diski mbele, springi, mistari ya rangi. Dynacorn inatengeneza hata bodi nzima mpya ya Camaro ya 1969. Mtu akiwa na fedha anaweza kujenga Z/28 isiyo na kipande kimoja kilichowahi kuona mwaka 1969, na macho ya kawaida yasiitambue.

Hata bloki yenyewe yaweza kuigizwa. Mojawapo ya namba za kusubu zilizotumika kwenye 302 za mwaka huo ni 3970010, na namba hiyohiyo iliendelea kutumika kwenye injini za 350, za magari madogo na za pikapu, mpaka mwisho wa miaka ya 1970. Tarehe ya kusubu huandikwa kwa herufi ya mwezi, siku, na tarakimu moja ya mwaka, kwa mfano C 12 9. Hiyo ni Machi 12, lakini 9 yaweza kuwa 1969 au 1979. Anayekuonyesha 010 na tarehe pekee hajakuonyesha kitu.

Kinachothibitisha ni bapa la mbele, upande wa abiria, pale bloki inapochomoza mbele ya silinda hedi. Pana mihuri miwili. Mmoja uligongwa kiwanda cha injini: V kwa Flint, tarehe ya kuunganishwa kwa tarakimu nne, kisha DZ, yaani 302 ya Z/28. Mwingine uligongwa kiwanda cha gari, na unabeba kipande cha namba ya chasisi, mfano 19N na tarakimu sita. Wakati mwingine huu huwekwa karibu na filta ya oili. Kwa kuwa viwanda ni viwili na mikono ni miwili, mihuri halisi haifanani mpangilio wala kina. Bapa ambalo herufi zake zote zimepangwa vizuri kana kwamba zimegongwa asubuhi moja ndilo la kutiliwa shaka. Na uso wake unapaswa kuwa na michirizi ya mashine inayokwenda mbele na nyuma kwa urefu wa bloki. Ukiona vijimviringo vya kisu kinachozunguka, ujue bloki imekwishapitishwa kwenye mashine, na chochote kinachosomeka juu yake kiligongwa baadaye. Kisha linganisha mfuatano: bloki kusubiwa, injini kuunganishwa, gari kutoka. Wiki chache kati ya hatua ndiyo kawaida. Injini iliyounganishwa baada ya gari kutoka haihitaji maelezo.

Sasa tatizo lenyewe, ambalo kwa maoni yangu limeua Z/28 nyingi kuliko ajali. Si matapeli. Ni fundi mwaminifu wa mashine anayefanya kazi yake vizuri. Injini inapelekwa oveholi, anapima uso wa bloki, anaona umepinda kidogo, anaukwangua elfu tano hadi kumi za inchi (elfu moja ni inchi ikigawanywa mara elfu) ili hedi ikae sawa. Mihuri ina kina cha elfu chache tu za inchi. Kisu kinapita mbele mpaka mwisho, na ushahidi unageuka vumbi la chuma. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya, na bloki inarudi bora kuliko ilivyokwenda. Lakini mwenye gari amepoteza kitu ambacho hakuna fedha ya kukirudisha kihalali, maana kugonga upya namba zilezile, hata kama ni za kweli, kunaliweka gari kundi moja na yale ya bandia. Mnunuzi hana njia ya kuyatofautisha.

Kinga yake ni rahisi mno. Kabla bloki haijatoka gereji, safisha bapa kwa kitambaa laini na kiyeyusho cha grisi. Usitumie msasa wala brashi ya waya. Piga picha taa ikimulika kutoka pembeni, kisha weka karatasi nyembamba juu na usugue kwa penseli mpaka herufi zitokee. Mwambie fundi, kwa maandishi yaliyofungwa kwa waya kwenye bloki yenyewe, asimamishe kisu kabla ya bapa. Kidaraja kitakachobaki hakidhuru, kwa sababu hedi na gesketi haziketi hapo. Fundi akisema mashine yake haiwezi, tafuta mwingine. Na kama uso umepinda kidogo tu, usikwanguliwe kabisa. Gesketi ya tabaka, yenye unene wa karibu elfu 40 za inchi, husamehe mengi kuliko ile ya bati la elfu 15 hadi 18 iliyotumika kiwandani.

Upande wa pili una hoja, na zenye nguvu ni zile za barabarani. Z/28 yenye difu la uwiano wa 3.73 na Muncie isiyo na gia ya kupunguza mzunguko hukimbiza injini karibu mizunguko 3,400 kwa dakika ukiwa kilomita 112 kwa saa. Giaboksi ya kisasa ya gia tano, ya tano ikiwa 0.68, inashusha mpaka 2,300. Injini ya LS1, iliyokuja na Corvette ya 1997, ina bloki ya alumini na nguvu za farasi 345 zilizopimwa ikiwa na mzigo wa vifaa vyake vyote, wakati zile 290 za Z/28 zilipimwa kwa kipimo cha zamani cha injini iliyovuliwa mizigo. Hazishindani. Anayetaka kusafiri na familia yake kutoka jimbo hadi jimbo hana sababu ya kuonewa aibu.

Tena magari mengi hayana cha kulinda. Camaro ya silinda sita, au ya 307, ambayo injini yake ilikufa miaka ya themanini, haina hati iliyopotea. Kumdai mwenye nayo atafute bloki ya tarehe sahihi ni kumtesa bure.

Ila hoja moja ya upande huo huvuka mipaka: kwamba injini ya asili haiwezi kutumika leo. Inaweza, ukikubali kwamba kisichoonekana si lazima kiwe cha kiwandani. 302 ilitoka na mgandamizo wa 11 kwa 1, kwa petroli ya wakati huo yenye risasi na oktani karibu 100 kwa kipimo cha maabara. Petroli ya 91 ya pampu za Marekani ni kama 95 au 96 kwa kipimo hicho, na itaigongesha, yaani mafuta yatalipuka vibaya ndani ya silinda. Gesketi nene peke yake hushusha mgandamizo mpaka karibu 10.3, lakini pia hupanua nafasi kati ya pistoni na hedi, na nafasi hiyo ikizidi huchochea kugonga kulekule ulikokimbia. Dawa nzuri zaidi ni pistoni zenye kichwa kifupi, ambazo hakuna jaji wa maonyesho ya magari atakayeziona. Siti ngumu za vali za egzosi ziwekwe pale tu zile za asili zilipozama, kwa sababu hedi za 3927186 zenye vali kubwa zikichimbwa kupita kiasi hutoboka mpaka kwenye njia ya maji. Silinda zikiwa zimechakaa, pima unene wa kuta kwa mawimbi ya sauti kabla ya kupanua kipenyo kwa elfu 30 za inchi. Silinda moja mbaya huwekewa silivu, haitupi bloki.

Na kemshafti. Hii ni ya tapeti za kukaza kwa mkono, mwanya wa 0.76 mm injini ikiwa ya moto, na oili nyingi za leo hazina zinki na fosforasi ya kutosha kuilinda. Tumia oili yenye viungo hivyo. Baada ya kufunga mpya iendeshe mara moja kwenye mzunguko wa 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 bila kuiacha isage polepole. Wengi huzima injini dakika ya tatu kwa sababu rejeta inavuja, na mwezi mmoja baadaye wanalaumu kiwanda cha kemshafti. Jaza maji na upime mivujo siku moja kabla.

Kuhusu waya za plagi za Packard zenye alama ya robo mwaka, na vibano vya mipira ya maji vyenye tarehe, nitasema tu kwamba anayefurahia afurahie. Hizo zinanunuliwa mpya zikiwa na tarehe yoyote unayotaka, kwa hiyo hazithibitishi chochote. Kabureta ya Holley 4053 na distribyuta ya 1111480 zina maana zaidi, kwa kuwa huathiri gari linavyokwenda. Na bloki yenye muhuri wa CE, ile iliyotolewa na Chevrolet chini ya dhamana, isikwanguliwe ili ifanywe DZ. Ni historia ya kweli ya gari hilo, na inauzika ikielezwa hivyo.

Anayeamua kuweka injini ya kisasa ya LS afanye, mradi asikate chasisi wala ukuta wa injini. Vishikizo vya kufunga kwa bolti vipo. Bloki ya asili ioshwe, ikaushwe, ipakwe oili nzito ndani ya silinda na grisi juu ya bapa, ifungwe plastiki na kukaa juu ya mbao, si juu ya saruji. Vifuniko vya krenki vibaki vimefungwa mahali pake na upande wake uleule, kwa sababu vilichongwa pamoja na bloki hiyo na havibadilishwi na vya nyingine. Na siku gari likiuzwa, mkataba utaje bloki, namba zake, na kwamba inakwenda na gari.