Mnaomsafisha Bush, ngojeni kwanza

Binamu yangu mmoja, yule ambaye hakuchi bila kurusha kitu kwenye grupu la ukoo, wiki iliyopita karusha kile kipande cha video cha George W. Bush akimpenyezea Michelle Obama pipi kwenye mazishi ya seneta John McCain. Chini yake kaandika: "Hawa ndio walikuwa marais. Wastaarabu." Makopa yakamiminika.

Nilianza kuandika jibu refu la hasira, nikalifuta. Miongoni mwa waliotia kopa alikuwamo mama mdogo, na mama mdogo anamjua Bush kwa njia ambayo mimi siijui.

Mwaka 2005 mama mdogo alikuwa mtu wa kubebwa. Mtaani walishahukumu zamani: kakanyaga miwaya, yaani ana UKIMWI. Bibi alishaanza kuulizia kichinichini mambo ya shamba la Muheza, na mnajua mtu anaulizia nini akiulizia shamba wakati kuna mgonjwa ndani. Ndipo akaandikishwa CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi, akapewa kopo lake la kwanza la dawa. Kopo lile lilikuwa linalia mkobani kama kayamba, kwa hiyo kabla ya kupanda daladala alikuwa anasindilia pamba juu ya vidonge. Lebo aliibandua kwa maji ya moto. Dozi ilikuwa asubuhi na jioni, na saa yake ilikuwa taarifa ya habari ya redioni. Leo anameza kidonge kimoja tu usiku, virusi havionekani kwenye kipimo, ana wajukuu wanne na mdomo mkali kuliko zamani. Pamba bado anaweka.

Sehemu ya pesa zilizoendesha huduma ile zilitoka PEPFAR, mfuko wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ambao Bush aliutangaza Januari 2003: dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Mwaka 2008 akatia saini nyongeza hadi bilioni 48, pamoja na kifua kikuu na malaria. Wamarekani wenyewe wanahesabu watu milioni 25 waliookolewa. Sitaki kuwa mchoyo hapa. Kwa afya ya Mwafrika hakuna rais wa Marekani aliyefanya jambo la ukubwa huo, hata huyo ndugu yetu Obama wa Kogelo tuliyempa jina la Ocean Road nzima.

Ndiyo, pesa zilikuja na mahubiri yake. Sheria ilitaka theluthi ya fedha za kinga ihimize watu wasubiri ndoa. Mama mdogo aliambukizwa ndani ya ndoa, ya kanisani, pete kidoleni. Tuliache hilo.

Ninachotaka kusema kiko kwenye hotuba yenyewe. Tarehe 28 Januari 2003, usiku mmoja, mbele ya Bunge lile lile, Bush alitangaza msaada wa UKIMWI kwa Afrika, na katika hotuba hiyo hiyo akasema Waingereza wamegundua kwamba Saddam Hussein alitafuta urani, madini ya kutengenezea silaha za nyuklia, kutoka Afrika. Soma tena. Afrika iliingia kwenye hotuba ile mara mbili: kwanza kama mgonjwa wa kutibiwa, kisha kama shahidi wa uongo. Ilipofika Julai, Ikulu yao ikakiri kwamba maneno ya urani hayakustahili kuwamo. Lakini majeshi yalishaingia Iraq tangu Machi. Silaha za maangamizi walizodai kuzifuata hazikupatikana hadi leo. Raia waliokufa kwa risasi na mabomu, hata ukifuata wale wanaohesabu kwa uangalifu, maiti kwa maiti, ni zaidi ya laki moja. Tena kila mmoja alikuwa na mama mdogo wake.

Mtu ataniambia, "Lakini kaokoa wengi kuliko aliowaua." Kaka, hii si hesabu ya duka. Mimi naweza kumshukuru Bush kwa niaba ya familia yangu, kwa sababu aliyepona ni wetu. Kwa niaba ya mama wa Fallujah, kule Iraq, siwezi kumsamehe, kwa sababu deni si langu. Tunachofanya sisi Waafrika tukirusha pipi za Michelle ni kuchukua ARV zetu, dawa hizi za virusi, na kufuta nazo madeni ya watu wengine, watu ambao hatukuwauliza.

Na wala si lazima twende mpaka Fallujah.

Tarehe 17 Februari 2008 Bush alikuwa Ikulu, Dar es Salaam. Mnakumbuka ngoma, mnakumbuka akina mama waliovaa nguo zenye sura yake. Siku ile zilisainiwa dola milioni 698 za barabara, umeme na maji, na Rais Kikwete akamwambia kwamba wengine wanaweza kuwa na maoni yao kuhusu yeye na atakachokiacha, ila sisi Watanzania tunamjua kama rafiki. Nilipiga makofi mbele ya televisheni. Kwa nini nisipige?

Saa ile ile, Mtanzania aitwaye Suleiman Abdullah Salim alikuwa amefungwa kwenye kambi ya Wamarekani ya Bagram, Afghanistan. Alikamatwa Mogadishu Machi 2003 na watu wa mbabe wa kivita, akakabidhiwa kwa Wamarekani, akapelekwa jela ya siri ya CIA: giza, minyororo, maji ya baridi, muziki wa kupasua masikio usiku na mchana. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Aliachiwa Agosti 2008, miezi sita baada ya ngoma za Ikulu, akapewa karatasi kwamba si tishio kwa Marekani. Miaka mitano, kisha karatasi! Programu ile ya jela za siri iliidhinishwa na mgeni wetu mwenyewe.

Niliisoma habari hii miaka mingi baadaye na niliona aibu, maana kwenye yale makofi yangu nilisema "sisi Watanzania" bila kumhesabu yeye.

Najua kwa nini Bush anaonekana malaika siku hizi. Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa saini moja ya Trump. Mama mdogo alipofika kliniki Februari, yule dada aliyekuwa akimpigia simu kumkumbusha tarehe hakuwepo tena, na meza yake ilikuwa imegeuzwa kuwa ya kuwekea makopo ya maji. USAID, shirika lao la misaada, ilipofungwa, Bush alijitokeza kwenye video akawaaga wafanyakazi wake na kuitetea PEPFAR. Alisema vizuri, sikatai. Lakini "afadhali" ni neno la mtu anayechagua kati ya mvua na matope. Historia ya mtu haipimwi kwa ubaya wa aliyekuja nyuma yake.

Mafuriko ya Katrina, benki zilizoanguka 2008, yule mwandishi wa Baghdad aliyemrushia viatu vyote viwili: Wamarekani na Wairaki watayazungumza wenyewe.

Jumapili nilimpigia mama mdogo. Nikamwamkia, nikamsimulia habari ya Suleiman kuanzia Mogadishu. Alinyamaza mpaka nikadhani vocha imekata.

"Walimwomba radhi?"

Nikamwambia alifungua kesi na wenzake dhidi ya wanasaikolojia wawili waliobuni yale mateso, ikaisha 2017 kwa makubaliano, na kiasi alicholipwa hakikutajwa.

Akaguna. "Bush mimi namshukuru, mwanangu, sitakudanganya. Lakini huyo kijana wangemwomba radhi." Kisha akanikumbusha kwamba Jumanne ni siku yake ya kliniki na nauli imepanda.

Nikamtumia nauli. Kopa lake kwenye ile video bado lipo.