Kriketi ya Kulipia

Jamani, sisi wachache wa kriketi hapa Kirumba, Mwanza, tumekosa nini? Juni 2024 Uganda, majirani wa ziwa hili hili, walicheza Kombe la Dunia la T20, kriketi ile fupi, kwa mara ya kwanza. Chaneli za bure? Tamthilia, mahubiri, marudio ya tamthilia. Kriketi iko kwenye kifurushi kikubwa, kile ambacho kwa bei yake nakula sato wiki nzima.

Nikaenda kibanda umiza, mia tano mkononi. Mwenyewe akanitazama kama nimemwomba figo. "Kaka, hapa ni Simba na Yanga." Uganda wakaipiga Papua New Guinea, mimi nikasoma matokeo kwenye simu, bando likikata roho.

Hata Waingereza yaliwakuta. Ashes ya 2005, mechi zao dhidi ya Australia, waliiona bure Channel 4; mwaka uliofuata mechi za nyumbani zikahamia Sky, lipa uone. Ila fainali ya Kombe la Dunia 2019 walirudishiwa bure, siku moja tu. Sisi hata hiyo moja hatuna.

Na ukijikamua ukalipia, wingu likitanda tu ziwani, kioo kinaandika: hakuna mawimbi.