Kura ya mwanamke Marekani hukwama kwenye jina lake

Kila uchaguzi wa rais wa Marekani ukimalizika, huzuka swali lile lile: wanawake walimpigia nani? Mwaka 2016 lilijibiwa kwa hasira, kwamba wanawake Wazungu ndio waliomwangusha Hillary Clinton. Mwaka 2024 likarudi na jina la Kamala Harris. Kwa maoni yangu swali lenyewe ndilo linalotupoteza, maana linachukulia kwamba wanawake ni kambi moja ya wapiga kura na kwamba wasiokwenda nayo ni wasaliti. Kambi hiyo haijawahi kuwapo. Wafeministi wanaoendelea kuitafuta wanaacha bila ulinzi mahali ambapo kura za wanawake hupotea kweli, yaani mezani kwa msajili, kwenye karatasi.

Tuanze na takwimu, kwa sababu hutumiwa vibaya sana. Tangu 1980, katika kila uchaguzi wa rais, wanawake wamejitokeza kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume, na kwa jumla wameegemea chama cha Democratic kuliko wanaume. Lakini ukiigawa jumla hiyo kwa rangi, picha inageuka. Tangu 1952 wanawake Wazungu wameegemea Republican karibu kila uchaguzi wa rais. Miaka miwili tu, 1964 na 1996, ndiyo iliyokwenda tofauti. Wanawake weusi, kwa upande wao, humpa mgombea wa Democratic kura tisa au zaidi katika kila kumi. Ukisikia basi kwamba "wanawake wa Marekani" wanapenda Democratic, ujue uzito mkubwa wa kauli hiyo umebebwa na wanawake wasio Wazungu.

Alabama ilionyesha hivyo waziwazi tarehe 12 Desemba 2017. Roy Moore, mgombea wa Seneti wa Republican aliyekuwa akituhumiwa kuwasumbua kingono wasichana wadogo, alipata asilimia 63 ya kura za wanawake Wazungu kwa mujibu wa mahojiano ya wapiga kura waliokuwa wakitoka vituoni. Wanawake weusi walimpa mpinzani wake, Doug Jones, asilimia 98. Jones alishinda kwa kura zisizofika 22,000.

Hata hivyo mahojiano hayo ya vituoni yasomwe kwa tahadhari. Wahojaji husimama kwenye vituo vichache vilivyochaguliwa, huwapigia simu waliopiga kura mapema, kisha majibu hurekebishwa kwa hesabu ili yalingane na matokeo. Wenye elimu ya juu hukubali zaidi kuhojiwa, na makundi madogo hubeba makosa makubwa. Mwaka 2016 mahojiano hayo yalisema wanawake Wazungu 52 katika kila 100 walimpigia Trump. Baadaye taasisi ya utafiti ya Pew Research Center walichukua watu waliokuwa wamewahoji na kuwalinganisha na kumbukumbu rasmi za majimbo, ambazo huonyesha nani alipiga kura (si alimpigia nani). Wakapata 47 kwa Trump na 45 kwa Clinton. Mwaka 2020, kwa njia hiyo hiyo, Trump alipata 53. Ukiwagawa tena kwa elimu, wasio na shahada walikwenda kwa Trump mwaka 2016 na wenye shahada wakaegemea kwa Clinton. Watu waliogawanyika katikati namna hii huwezi kuwadai utiifu kwa sababu tu wote ni wanawake.

Mgawanyiko huo una historia, na vyama vya kudai kura ya wanawake viliusaidia kuota mizizi. Mwaka 1869 chama kilichokuwa kikidai haki kwa wote kilivunjika kwa sababu Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony walipinga Marekebisho ya 15 ya Katiba, yaliyolinda kura ya wanaume weusi na kuwaacha wanawake nje. Frances Ellen Watkins Harper, mwanamke mweusi, hakuwaunga mkono, kwa kuwa yeye hakuweza kuuacha weusi wake mlangoni ili aingie kama mwanamke tu. Tarehe 3 Machi 1913, kwenye maandamano ya kudai kura ya wanawake huko Washington, mwandishi Ida B. Wells aliambiwa aandamane nyuma na weusi wenzake. Alikataa, akaingia katikati ya msafara wa Illinois.

Lakini kifungu ninachotamani kila mfeministi akijue ni kile cha uraia. Sheria ya 1907 ilisema Mmarekani mwanamke akiolewa na mgeni anachukua uraia wa mumewe. Ethel Mackenzie wa California aliolewa na Mskoti, wala hakuhama. Alipokwenda kujiandikisha kupiga kura mwaka 1913 alikataliwa kwa kuwa si raia tena, na mwaka 1915 Mahakama ya Juu ikathibitisha. Mwaka 1922, wanawake walipokuwa wameshapata kura nchi nzima, Bunge lilirekebisha sheria hiyo, lakini likaacha kipengele: mwanamke aliyeolewa na mwanamume ambaye kisheria hawezi kupewa uraia angeendelea kuupoteza wake. Wanaume hao walikuwa Waasia, kwa sababu uraia wa kuomba ulikuwa wa Wazungu na watu wa asili ya Afrika. Aliyeolewa na Mwitaliano akabaki na kura yake, na jirani yake aliyeolewa na Mjapani akanyang'anywa. Kipengele hicho kilifutwa mwaka 1931. Hapo jinsia na rangi hazikuwa mada mbili za kujadiliwa kwa zamu. Sheria ilizifunga pamoja kwenye cheti cha ndoa.

Kwa wanawake weusi wa Kusini, 1920, mwaka wanawake walipopata kura nchi nzima, haikufungua mlango. Fannie Lou Hamer alikwenda Indianola, Mississippi, tarehe 31 Agosti 1962 kujiandikisha, akapewa kifungu cha katiba ya jimbo akielezee. Alishindwa, na siku hiyo hiyo akafukuzwa kwenye shamba alilokuwa akifanya kazi na kuishi. Virginia ilidai kodi ya kupiga kura ya dola 1.50 kwa mwaka, tena iliyolipwa kwa miaka mitatu iliyotangulia, mpaka Annie Harper na Evelyn Butts, wote wanawake weusi, walipoishinda mahakamani mwaka 1966.

Sasa hakuna anayeulizwa katiba. Kinacholinganishwa ni jina. Georgia ilipitisha mwaka 2017 sheria iliyotaka maandishi ya fomu yafanane kabisa na kumbukumbu za leseni ya udereva au za Social Security, idara ya hifadhi ya jamii. Kistari kilipokosekana kati ya majina mawili, au karani alipokosea herufi moja, ombi liliwekwa kando. Kufikia Oktoba 2018 watu wapatao 53,000 walikuwa wamewekwa kando hivyo, na kama asilimia 70 walikuwa weusi, katika jimbo ambalo weusi ni theluthi moja hivi. Kisheria bado wangeweza kupiga kura wakionyesha kitambulisho kituoni, ila mtu aliyeambiwa ombi lake lina dosari mara nyingi hubaki nyumbani. Kwa nini weusi zaidi? Wengi huandikishwa kwenye kampeni za mitaani na makanisani, kwa fomu za karatasi zilizojazwa kwa mkono, kisha mtu mwingine huzichapa upya. Kila mkono unaoongezeka huongeza nafasi ya kosa.

Texas, Oktoba 2013, sheria mpya ya vitambulisho ilimkwamisha Sandra Watts, jaji wa Corpus Christi. Leseni yake ilikuwa na jina la ubini wa kwao katikati. Daftari la wapiga kura lilikuwa na jina lake la kati la kuzaliwa. Jaji mzima akatakiwa kutia saini hati ya kiapo kwamba yeye ni yeye. Mwaka 2025 suala hilo likafika Washington: tarehe 10 Aprili Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 220 dhidi ya 208, mswada wa kumtaka kila anayejiandikisha aonyeshe hati ya uraia. Ukakwama Seneti mwaka huo. Utafiti wa Pew wa 2023 ulionyesha kwamba karibu wake 4 katika 5 wamechukua jina la mume, kwa hiyo cheti chao cha kuzaliwa hakifanani na leseni. Pasipoti ingetatua, ila pasipoti ya kwanza ya mtu mzima iligharimu dola 165. Kansas ilishajaribu masharti ya namna hiyo kuanzia 2013, na watu wapatao 31,000 walizuiwa kujiandikisha kabla mahakama hazijaifuta sheria hiyo.

Kesi ya Georgia iliitwa suala la rangi. Mswada wa 2025 uliitwa suala la wake za watu. Mtambo ni ule ule, na mwanamke mweusi aliyeolewa mwenye jina la kistari anakutana nao mara mbili. Mwanazuoni wa sheria Kimberlé Crenshaw alilieleza jambo hili mwaka 1989 kwa kesi ya wanawake weusi dhidi ya General Motors: mahakama ilikuwa imewaambia wangeweza kushtaki kama weusi au kama wanawake, lakini si kama vyote viwili kwa pamoja. Ninaamini hapa ndipo wafeministi wa Marekani wanapaswa kuweka nguvu zao, tena kwa sababu ya vitendo kabisa: kupigania daftari safi hakudai wanawake wampigie mtu mmoja. Mke mhafidhina wa kijijini, anayempigia Republican kila mara, anaguswa na suala la jina kuliko msomi wa mjini aliyebaki na ubini wake. Anaweza kuwa mshirika bila kuhubiriwa kwanza.

Wasemaji wa Kiswahili walioko huko nao wamo. Wakongomani na Warundi wengi waliofika kama wakimbizi wana majina yaliyopangwa kwa mfuatano tofauti kwenye kila hati, na wengine wameandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Mwanzoni mwa 2019 Texas ilitoa orodha ya watu kama 95,000 walioshukiwa kujiandikisha bila kuwa raia. Orodha ilitokana na kumbukumbu za leseni walizochukua kabla ya kuapishwa kuwa raia, na wengi walikuwa wameshakuwa raia. Ilifutwa Aprili mwaka huo baada ya kesi.

Kwa hiyo mama aliyeapishwa asiishie kwenye picha na bendera. Apeleke cheti cha uraia Social Security warekebishe hadhi na jina, kisha aende ofisi ya leseni, kisha ndipo ajiandikishe kwa jina lile lile lililo kwenye leseni, herufi kwa herufi, kistari kwa kistari. Utaratibu huu ukigeuzwa, kumbukumbu ya zamani ndiyo itakayolinganishwa. Aangalie jina lake kwenye tovuti ya jimbo zaidi ya mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, kwani majimbo mengi hufunga uandikishaji hadi siku 30 kabla. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu asiye raia, akiulizwa kwenye ofisi ya leseni kama anataka kuandikishwa kupiga kura, aseme hapana na aikague fomu kabla ya kutia saini; kudai uraia usio nao kunaweza kumfukuzisha nchini.

Na akifika kituoni akaambiwa jina halimo, asiondoke. Aombe kura ya muda, yaani inayowekwa kando hadi haki yake ya kupiga kura ithibitishwe, ambayo sheria ya shirikisho ya 2002 inamhakikishia katika majimbo karibu yote, aulize ni hati gani ailete na mwisho wake ni siku gani, maana katika majimbo mengine ni siku chache tu. Sheria hiyo hiyo inawataka wasimamizi wampe maandishi ya jinsi ya kujua, bila malipo, kama kura yake ilihesabiwa, na kama haikuhesabiwa, kwa sababu gani. Maandishi hayo ayadai kabla hajatoka.