Sufuria Iliyokwenda Tanga

Asubuhi ya leo, kabla chai haijapoa, nimeletewa barua yenye muhuri wa duara kutoka kwa kamati ya wazazi wa kikosi cha skauti cha mwanangu. Barua ina aya mbili. Ya kwanza inampongeza mwanangu, mwenye umri wa miaka 11, kwa kushika lindo bila kutetereka katika kambi ya likizo ya mwezi wa sita huko Pangani. Ya pili inanitaka mimi, baba yake, nilipe sufuria ya kilo 20 iliyopotea usiku huohuo, wakati wa lindo hilohilo, "kwa kuwa mzazi husika ndiye mtu wa mwisho kuiona." Sikatai kwamba niliiona. Niliiona vizuri kuliko mtu yeyote. Niliiona ikiondoka.

Ningependa ieleweke kwanza kwamba sikuomba kwenda kambini. Nilichelewa kikao. Kila mwenye mtoto shuleni anajua kwamba anayewahi kikao cha wazazi hupata kiti cha kivulini na anayechelewa hupata cheo. Siku hiyo daladala ilinifikisha wakati ajenda ya mwisho inapigiwa makofi, nikaingia mlangoni nikidhani makofi yale ni ya kufunga kikao, nikapiga na mimi kwa nguvu, na kumbe nilikuwa ninashangilia uteuzi wangu wa kuwa mzazi mlezi wa vijana 32 kwa siku saba ufukweni. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa. Maji mengi kuliko yote niliyokulia nayo ni ya pipa.

Tulipita Chalinze, Segera na Muheza, ambako vijana walinunua machungwa na kuyamaliza yote kabla ya Pangani, jambo ambalo viti vya basi lile vitalikumbuka, kisha tukavuka mto kwa kivuko hadi upande wa Bweni na kupiga kambi chini ya mivinje. Kiongozi wa kikosi ni kijana mpole mwenye kaptula iliyonyooka kwa pasi hata mahali pasipo na umeme, na kila lalamiko analijibu kwa neno moja, Brownsea. Hicho ni kisiwa cha kusini mwa Uingereza ambako Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliweka kambi ya kwanza ya skauti, tarehe 1 hadi 8 Agosti mwaka 1907, akiwa na vijana wapatao 20, ambao aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoitoa Afrika. Sisi tuliamshwa kwa vuvuzela ya plastiki, saa kumi na moja alfajiri. Nilipouliza habari za magodoro, nilijibiwa Brownsea. Nilipouliza kwa nini maharage yana mchanga, Brownsea. Nilipouliza kwa nini jiko limewekwa ufukweni kabisa, upande wa bahari wa ule mstari wa mwani mkavu ambao hata mtu wa Kongwa aliweza kuutambua kuwa ni alama ya maji, na mvuvi mmoja akasimama makusudi kutueleza kwamba mwezi unakaribia kukamilika na bamvua, yaani maji kujaa kupita kiasi, linakuja, kiongozi alimshukuru kwa adabu, akamwambia kwamba Brownsea nayo ilizungukwa na bahari pande zote. Mvuvi akanitazama mimi. Mimi nikayatazama maharage.

Siku ya pili alikuja mzee mmoja wa mtaa kutukaribisha, amevaa kanzu iliyofuliwa kwa ajili yetu. Sasa skauti wa dunia nzima hupeana mkono wa kushoto, na sababu yake ni nzuri ikisimuliwa, kwamba mkono wa kushoto ndio unaoshika ngao, na anayekupa mkono huo ameiweka ngao yake chini. Bahati mbaya mzee hakusimuliwa. Alinyoosha mkono wa kulia, akakutana na wa kushoto wa kijana wa kwanza, akadhani mtoto ana tatizo, akamwombea dua fupi. Wa pili alimtazama kwa huruma. Alipofika kwa wa tano huruma ilikuwa imekwisha, na kuanzia wa sita hadi wa 32 mkono wa mzee ulikuwa nyuma ya kanzu. Mimi nilimpa wa kulia, tena kwa mikono miwili, na bado hakuniachia hivihivi. "Na hawa, mwanangu," aliniuliza taratibu, "wanakula kwa upi?"

Siku ya mafundo walilifunga hema langu nikiwa ndani, wakalifungua saa nne asubuhi. Tulipelekwa mjini kuelezwa habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani na kunyongwa nao hapohapo Pangani mwezi Desemba 1889. Vijana walisikiliza kwa utulivu mkubwa, na swali lao lilikuwa moja tu, kama kuna choo karibu. Jioni moja kijana alinichorea mchangani alama iliyo katika kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, alikofariki mwaka 1941, yaani duara lenye nukta katikati, ambalo kwa skauti maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Nilikaa mbele ya mchoro ule muda mrefu, mpaka nikaitwa kupanga foleni ya ugali.

Nirudi kwenye sufuria. Ilikodishwa kutoka kwa mpishi wetu, mama mtu mzima wa hapohapo, ambaye huipeleka kwenye harusi na misiba ya ukanda ule wote. Usiku wa tatu wali uliungua kidogo, naye akaiacha mchangani karibu na jiko, na maji kidogo ndani, ili ukoko ulainike. Ukoko ule ndio mwanzo wa deni langu.

Kambi ilizungushiwa kamba moja iliyofika magotini, iliyofungwa kutoka mvinje hadi mvinje, na pahali palipoachwa wazi paliitwa lango. Choo kilikuwa nje ya lango. Saa nane na ushee nilitoka bila kusemeshwa na mtu, kwa sababu mlinzi wa zamu ile alikuwa amelala kwa kukaa, na ninaweka wazi kwamba katika kambi nzima huyo ndiye mlinzi pekee niliyemkubali. Nilikuwa nimejifunga kanga ya mke wangu kiunoni, miguuni nina sandali mbili zisizofahamiana, na mkononi tochi isiyo na betri, ambayo niliibeba kwa ajili ya heshima tu. Niliporudi, zamu ilikuwa imebadilika.

"Simama! Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi baba yako."

Pakawa kimya. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo nilimwona vizuri, na yeye aliniona vizuri zaidi. Akakaza skafu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Neno la siri?"

Nikamwambia "nazi", kwa kuwa usiku uliotangulia ilikuwa nazi. Akanijulisha kwamba hilo ni la jana, na kwamba jipya lilitangazwa kwenye moto wa kambi, ambako mimi sikuonekana. Ni kweli sikuonekana. Nilikuwa nimelala, kwa sababu mtu aliyeamshwa kwa vuvuzela siku mbili mfululizo hana deni la nyimbo kwa mtu yeyote.

Nikaona busara ni kutumia sheria. Nikamkumbusha, kwa sauti ya mtu anayesoma hati, kwamba kanuni ya saba inamtaka skauti atii amri za wazazi wake. Akakubali. Akaongeza kwamba kanuni hiyohiyo inamtaka atii pia amri za kiongozi wa kundi lake, na kiongozi wa kundi, ambaye ana miaka 13, ameamuru asipite mtu bila neno la siri. Nikamwambia kwamba wazazi wametajwa kwanza. Akafikiri, akajibu kwamba wazazi wametajwa kwanza kwa heshima, si kwa lindo. Nilibaki nikikitazama kichwa kile ninachokilipia ada, michango ya mitihani, michango ya ukarabati wa madawati na ile michango mingine isiyo na jina, nikatambua kwamba fedha yangu haikupotea bure, ila imerudi usiku na kunizuia njia.

"Nikiivuka hii kamba?" nikauliza.

"Ukivuka, baba, nitapiga filimbi, na kikosi kizima kitaamka."

Nikapiga hesabu ya vijana 31 ambao hunipita kila asubuhi kwenye kituo cha daladala wakinipa shikamoo, nikaitazama kanga, nikaurudisha mguu. Hapo naye akaimulika kwa tochi yake, yenye betri nilizonunua mimi, akaanza kusoma polepole: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ndilo neno lenyewe?" nikauliza kwa matumaini.

"Hapana, baba. Nilikuwa ninasoma tu."

Nikaanza kubahatisha. Nikasema minazi, nikasema Pangani, nikasema uwe tayari, nikasema Brownsea mara mbili, ya pili kwa sauti ambayo haikuwa nzuri. Kila mara alinijibu kwa upole kwamba skauti hasemi uongo, na hilo silo. Mwishowe akanionea huruma, akasema kwamba kanuni ya nane inamtaka skauti atabasamu na kupiga mluzi katika shida zote, na kwamba mluzi wa kikosi nao unakubalika. Nikapiga. Mluzi uliotoka haukuwa wa kikosi chochote, na kabla haujaisha kichwa cha mpishi kikatokeza katika hema la jikoni.

"Nani huyo anayeita nyoka usiku huu?"

"Ni baba, bibi. Hana neno la siri."

"Basi na akae hukohuko na nyoka wake," akasema, akafunga hema.

Ninakiri kwamba hapo heshima yote niliyotoka nayo Dar es Salaam iliniishia. Nilimweleza mtoto yule mambo ambayo hayahusiani na lindo. Nilimweleza kwamba ninaamka saa kumi usiku kuwahi usafiri, kwamba umeme anaosomea unakwisha kwa sababu yeye na ndugu zake hawazimi taa hata ya choo, kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kana kwamba mimi ninalipwa kwa miezi sita, kwamba likizo yangu ya mwaka mzima nimeikata kipande nikakileta hapa kung'atwa na mbu, na kwamba sasa nimesimama nje, kwenye upepo wa kusi, nikiomba ruhusa ya kwenda kulala kwa mtu ambaye hajawahi kufua soksi zake hata siku moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikatisha.

"Pole, baba," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Neno la siri?"

Ni wakati huo nilipohisi maji kwenye vidole. Mvuvi alikuwa amesema kweli. Bahari ilikuwa imepanda kimya kimya hadi jikoni, imeshazima makaa, imeshachukua mwiko, na palepale mbele ya macho yangu ile sufuria ikatikisika, ikainuka kidogo, ikageuka taratibu kama bibi harusi anayeonyeshwa kwa wageni, ikaanza kuelea.

"Sufuria!" nikapiga kelele. "Mwanangu, sufuria! Sufuria!"

Mwanangu akakakamaa, visigino vikagongana, vidole vitatu vikaenda kwenye kofia.

"Pita, baba."

Sikupita. Nilikimbilia majini hadi kifuani nikimwita aje tusaidiane, naye alinijibu kutoka langoni, kwa uchungu wa kweli, kwamba skauti haachi lindo. Upepo uliisukuma sufuria kuelekea kaskazini kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Niliigusa mara moja, kwenye mkono wake wa kushoto, kisha ikanitoka. Niliporudi, kanga imegandamana mwilini na sandali moja imeifuata sufuria, nilisimamishwa tena langoni, nikaulizwa tena mimi ni nani, nikasema tena neno la siri, nikapita.

Asubuhi kiongozi alinipa pole, na kwa mara ya kwanza hakutaja Brownsea. Nilidhani mambo yameishia hapo. Siku nne zilizobaki tulipikiwa katika sufuria mbili ndogo, kwa zamu, na mimi nilikuwa zamu ya mwisho.

Na sasa imekuja barua hii, yenye siku 14 za kulipa. Nimeanza kuandika majibu. Nimeuliza ni nani aliyechagua neno lile, na kama mtu anaweza kudaiwa kitu ambacho amekitangaza mara tatu kwa sauti kubwa mbele ya mlinzi rasmi, na mlinzi akapiga saluti. Mwanangu amepita nyuma yangu, amesoma, amesema nimesahau tarehe.

Yule mpishi hana ubaya na mimi. Hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala, huuliza hali ya mke wangu na ya watoto wote kwa majina, halafu hutaja harusi mbili zilizo mbele yake na kunyamaza. Ijumaa iliyopita alikuwa na habari. Sufuria imeonekana Tanga, kwenye arobaini ya mtu, imepikiwa pilau. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni yenyewe, kwa maana sufuria za kilo 20 ziko nyingi. Akasema ilikuwa imefunikwa kwa sinia.

Mfuniko ninao mimi. Ulirudi nami kwenye basi, sijui kwa nini, na hapa nyumbani umelitosha pipa la maji kana kwamba ulitengenezwa kwa ajili yake.