Msiuhame Mji wa Brooks

Jumamosi iliyopita tulipakia lori jingine. Makochi, magodoro, mashine ya kufulia ya mtumba, na ile sufuria kubwa ya shughuli ambayo karibu kila Mkongomani wa mtaa huu amewahi kuiazima. Familia inahamia Edmonton. Tulisali, tukapiga picha, watoto wakalia, lori likaondoka. Na kama kawaida kuna mtu alisema lile neno tunalolisema kila tunapoagana: "Brooks ni mji wa kuanzia tu."

Nipo hapa tangu 2010. Mwanzoni neno hilo nililisema sana mimi mwenyewe. Siku hizi linaniuma, na leo nataka kueleza kwa nini.

Kwa msomaji asiyetujua, Brooks uko kusini mwa Alberta, nchini Kanada, kando ya barabara kuu inayotoka Calgary kwenda Medicine Hat. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wasiofika 15,000. Mimi nimezaliwa Fizi, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, kwa hiyo jicho langu lilizoea kugonga kilima kila linapotazama. Hapa jicho linakwenda mpaka linachoka. Majani mafupi, mfereji wa maji, ng'ombe, mbingu. Januari baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 30 za hasi, kisha unavuma upepo wa joto kutoka milimani, wenyewe wanauita chinook, na kwa siku moja theluji yote inageuka matope. Mwaka wa kwanza nilidhani masika yamefika. Nikaweka koti kabatini. Wiki iliyofuata nililitafuta mbio.

Kinachotuleta hapa ni kiwanda cha nyama. Hakuna haja ya kuzungukazunguka. Katikati ya miaka ya 1990 kiwanda kilipanuliwa sana, na mji mdogo wa wafugaji na wachimba mafuta haukuwa na watu wa kutosha kushika visu. Wakaja Wasudan, Wasomali, Waethiopia, Wafilipino, kisha sisi wa Maziwa Makuu. Leo ukisimama kwenye foleni ya duka la vyakula unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Dadaab na cha Bujumbura kabla hujafika kwenye mizani. Mji wenyewe umejipa jina la "Mji wa Salamu Mia". Unga wa muhogo upo. Dagaa wapo. Migebuka ya Tanganyika hupatikana ukibahatika, na ikifika habari zinaenea kwa simu kabla friji halijafungwa.

Nina jirani, mzee wa Kizungu aliyepita miaka themanini. Babu yake alikuja kulima hapa maji ya umwagiliaji yalipoanza kufika. Siku moja, mwaka wangu wa pili, tulikuwa tunazoa theluji kila mtu upande wake, akaniambia: "Mji wangu siujui tena." Moyo ulinilipuka. Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Nilikaa siku kadhaa sijamsalimu, na mimi nimelelewa kwamba mzee hapitwi bila salamu.

Baadaye ndiye aliyenifuata, akanieleza. Nyumba iliyo kushoto kwake ilikuwa imebadili wapangaji mara nne ndani ya miaka mitano. "Nikishajua majina ya watoto, linakuja lori," alisema. Zamani, anasema, ukienda posta unamjua kila mtu na baba yake. Sasa anakwenda posta na kurudi hajaitwa jina. Nikamkumbuka mama yangu kambini, jinsi alivyokuwa akikataa kuzoeana na jirani mpya kila safari za kwenda nje zilipopamba moto. "Nitalia mara ngapi?" alikuwa akiuliza. Mzee yule na mama yangu hawakuwahi kuonana, lakini uchungu wao ni mmoja.

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini maelezo mepesi kuhusu mji huu. Wapo wenyeji wenye chuki, siwezi kukataa, nimekutana nao. Lakini wengi ninaowajua hawajachoshwa na rangi yetu wala lugha yetu. Wamechoshwa na kuaga.

Na hao wenyeji wenyewe ni wa juzi. Kabla ya reli nchi hii ilikuwa ya wenyeji wa asili, Wasiksika na ndugu zao Wablackfoot, na mkataba wa kuichukua ulitiwa sahihi mwaka 1877. Brooks ni jina la mhandisi wa kampuni ya reli. Nje kidogo ya mji bado limesimama daraja la maji la zege, lenye urefu wa kilomita 3.2, lililokamilishwa na kampuni hiyo mwaka 1914. Lilipitisha maji ya mto Bow juu ya bonde pana ili nyika kavu ilimike. Kila mgeni anayefikia kwangu nampeleka kuliona. Limechakaa, zege limemeguka hadi chuma zinachungulia, na halijapitisha maji tangu 1979. Lakini ukisimama chini yake jioni, jua likipita katikati ya nguzo zile, unaelewa kwamba mji huu haukuota wenyewe. Watu waliletwa, kama sisi tulivyoletwa, na kampuni iliyokuwa na hesabu zake.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya baadaye. Ukame ulikuja, bei za mazao zikaanguka, madeni ya mashamba yakawa mlima, na wengi wakakimbia. Kampuni ya reli ikawa inapata hasara kwenye mradi wake. Mwaka 1935 wakulima waliobaki waliuchukua mfumo wote wa maji, mifereji na ardhi, wakaanza kuuendesha wenyewe kwa jina la Eastern Irrigation District. Chama hicho kipo hadi leo. Waliletwa kama wateja wa kampuni, wakabaki kama wenye maji. Huyo babu wa jirani yangu alikuwa mmoja wa waliobaki.

Sasa nijiulize mimi na wenzangu: tumeshika nini hapa?

Nyumba, wachache. Maduka, mawili matatu. Kanisa letu linasali alasiri kwenye jengo la kukodi. Alberta ilichagua mameya na madiwani Oktoba 2025, na uchaguzi huo huja mara moja kila miaka minne. Niliwapigia simu watu kumi na wawili wa nyumbani ninaojua wamekwisha kupata uraia. Waliokwenda kupiga kura ni watatu. Wengine waliniambia, bila aibu, kwamba mambo ya Brooks ni ya wenye Brooks. Uraia tuliusubiri siku 1,095 za kukaa nchini, tukaapa, tukapiga picha na bendera, halafu kura tunaitupa! Mji huu ulishaongozwa hadi 2021 na Barry Morishita, mtu mwenye asili ya Kijapani, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wenye majina mageni hawachaguliwi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu hatari iliyopo si ndogo. Mji unaotegemea lango moja, lango likifungwa, watu wote wanabaki nje. Septemba 2012 kiwanda kilisimamishwa kwa ajili ya bakteria wa E. koli, na nyama iliyorudishwa kutoka madukani ilikuwa nyingi kuliko wakati wowote katika historia ya Kanada. Zaidi ya wafanyakazi elfu mbili wakaambiwa wakae nyumbani. Wiki zile niliuona mji mzima umeshika tama: kinyozi amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, mama wa mgahawa anapika nusu sufuria, mwenye nyumba anapita mlango kwa mlango kuuliza kodi itakuwaje. Safari ile kilifunguliwa tena, na mwenye kampuni akabadilika.

Novemba 2025 zikaja habari za Lexington, mji wa nyika kama huu kule Nebraska, Marekani. Kampuni ya Tyson ilitangaza kufunga kiwanda chake cha nyama cha hapo, ajira zipatazo 3,200 katika mji wa watu elfu kumi na moja hivi. Nina shemeji yangu huko Nebraska, si mji huo, lakini usiku ule tulizungumza hadi saa saba. Hatukuwa na mengi ya kusema. Tulitajiana tu watu tunaowajua.

Mwenzangu mmoja aliposikia habari hizo alisema: umeona, ndiyo maana tunahama mapema. Namwelewa, lakini hesabu yake siikubali. Kila anayehama anaacha nafasi ya mtu mwingine wa kuanzia, naye ataanzia kisha aondoke, na mji unabaki na mikono mingi isiyo na sauti. Nani atakaa kwenye baraza la mji aseme tunataka kazi nyingine zaidi ya kisu? Nani atafungua gereji, kituo cha kulea watoto, karakana ya kutengeneza mabomba ya kumwagilia, kama kila mwenye akiba anaipeleka Calgary kulipia chumba? Wakulima wale wa 1935 walikuwa na sababu zote za kukimbia, na sababu zao zilikuwa nzito kuliko zetu.

Wanaohama siwalaumu wote. Mwenye mtoto mgonjwa anahitaji hospitali kubwa. Mwenye mtoto anayeingia chuo kikuu anataka kuwa karibu naye. Na miaka mingi kwenye laini ya nyama inaumiza vidole na mabega. Mtu aliyeamua kwamba inatosha, ana haki. Ninaowaambia ni wale wenye afya, wenye akiba na wenye watoto wadogo, wanaohama kwa sababu tu kila mtu anahama. Tazameni bei ya nyumba huko mnakokwenda mlinganishe na hapa. Waulizeni watoto wenu wanataka nini. Wa kwangu, aliyezaliwa hapa, ananiuliza kwa nini rafiki zake wote "wanamalizika".

Nami nina lawama yangu. Nilikaa miaka mingi bila kuhudhuria mkutano hata mmoja wa mji, na nyumba niliichelewesha kuinunua kwa sababu ya neno lilelile la kuanzia. Mwaka jana nilikwenda mara ya kwanza kusikiliza baraza. Walijadili mitaro na magari ya kuzoa theluji. Niliondoka nimefurahi isivyo kawaida: mtaro wenyewe ulikuwa wa mtaa wangu.

Nyumba waliyoiacha Jumamosi ndiyo ile ya kushoto kwa mzee. Alitoka akasimama kwenye ua wake, fimbo mkononi, akatazama lori mpaka likakata kona. Jumatatu asubuhi wapangaji wapya wakaanza kushusha mizigo: baba, mama, watoto watatu, na kwa mbali nilisikia kama Kirundi. Mzee akanivuta pembeni akaniuliza wanaitwa nani. Nimemwambia jioni nikitoka zamu tutakwenda wote kuwapigia hodi.