Kabla Hujanunua Klachi ya Seramiki

Msimu wa autocross (mbio fupi za magari dhidi ya saa) ukianza hapa Kenya, utasikia neno lile lile: klachi ya Subaru imeungua, sasa naweka ya seramiki. Mimi nasema bado.

Subaru Impreza nyingi zinasukumwa na magurudumu yote manne, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma ukiliachilia kwa fujo, matairi hupepeta vumbi na klachi inapumua. Impreza inang'ang'ania ardhi, kwa hiyo kitakachoteleza ni pleti, ile diski ya klachi. Chukua gari la kilo 1,250. Likitoka kwenye kusimama hadi kilomita 30 kwa saa huku injini imeshikiliwa kwenye kasi moja ya mizunguko, klachi inameza takriban kilojuli 43 za joto. Endelea kuishikilia hivyo hadi 50, na zinakuwa 120. Sasa panga mstarini, jaribu kuondoka, urudishwe nyuma, uondoke tena.

Hiyo ni klachi ambayo bado ni nzima, haina kasoro. Ikianza kuteleza ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini, hesabu inatisha zaidi: injini yenye msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa niutonimita 300, ikiipita pleti kwa mizunguko 1,000 tu kwa dakika, inazalisha kilowati 31 za joto. Ni kama kuwasha pasi 30 ndani ya lile ganda lililobanwa kati ya injini na giaboksi, ambamo hewa haipiti. Ndiyo maana klachi iliyoanza kuteleza katika raundi ya kwanza ya mashindano haifiki ya tatu.

Kuipima si kazi. Weka gia ya 4 ukiwa kwenye kama 60, kanyaga mafuta yote. Sindano ya mizunguko ikipaa na ile ya mwendo ikabaki imezubaa, umepata jibu. Lakini kuteleza ni dalili tu, na wengi tunaitibu dalili. Je, pedali ina uhuru kidogo juu kabla haijaanza kusukuma? Isipokuwa nao, presha pleti (bamba linaloibana pleti) haibani sawasawa hata ukitoa mguu. Sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, inavuja? Pleti iliyolowa oili haifai tena, na hata uweke ya bei gani, bila kubadilisha sili utarudi palepale. Giaboksi ikishashushwa, mwambie fundi akuonyeshe flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, uione kwa macho yako. Madoa ya buluu na nyufa nyembamba kama nywele ni alama za joto. Nyufa zikiwa za juujuu inapelekwa kwenye mashine ya leithi kusawazishwa. Zikiwa za kina, tupa. Kufunga pleti mpya juu ya flaiwili iliyoungua ni kuchoma pesa, na mafundi wanalijua hilo vizuri kuliko wateja wao.

Halafu kuna huu mtindo wa kufunga klachi Ijumaa usiku na kushindana Jumapili. Pleti ya kawaida inahitaji kuzoeana na flaiwili, angalau kilomita 500 za kuendesha kwa upole mjini. Msongamano wa Nairobi una faida moja, na ni hii. Ila usiegemeze mguu kwenye pedali kama ilivyo kawaida yetu.

Na siku ya mashindano, ukinusa ule moshi mchungu? Toa gia, toa mguu kwenye pedali, acha injini izunguke taratibu. Kukaa mstarini gia ikiwa ndani na klachi imekanyagwa hakupoozi chochote, na bado unaitesa beringi inayoiachilia klachi. Usimruhusu mtu amwage maji. Chuma kilichoiva hupasuka. Wakati wa kuondoka, achilia klachi kwa haraka na kwa mkupuo mmoja, usiipapase.

Seramiki inavumilia joto, sikatai. Lakini inashika kama ngumi, na ile nguvu iliyokuwa ikipotea kwenye pleti sasa inaenda moja kwa moja kwenye meno ya gia. Giaboksi ya Subaru ya gia 5 haina sifa ya kuvumilia mambo hayo. Ikiwa umeongeza presha ya tabo (turbo) na pleti ya kawaida haibebi tena msokoto wake, basi nunua, tena yenye springi katikati za kumeza mshtuko, na uanze kuulizia bei ya giaboksi Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri Nairobi, mapema.