Nyota ni nyingi sawa, ila hilo neno "lazima" limetoka wapi?

Tarehe 30 Desemba 2024 kijiji cha Mukuku kule Makueni, Kenya, lilianguka dude kutoka juu, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito kama kilo 500, watu wakajaa kulitazama. Kabla Shirika la Anga la Kenya halijasema kitu binamu yangu alishanitumia picha na voisi juu, "unaona sasa, si nilikwambia". Baadae shirika likaeleza kwamba ile ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi, yani takataka za binadamu wenyewe, zile ambazo kwa kawaida zinatakiwa ziungulie hewani au zidondokee mbali huko baharini. Binamu wala hakutetereka, akarudi kwenye hoja yake ya siku zote, kwamba hata kama hiyo sio yenyewe, nyota zilivyo nyingi lazima maelieni, yani viumbe wa nje ya dunia, wapo, na wana akili kutuzidi.

Nimpe haki yake kwanza maana hoja sio ya kijinga. Galaksi yetu peke yake, yani lile kundi kubwa la nyota ambalo jua letu limo, ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400, na galaksi zenyewe zipo mabilioni. Mpaka mwaka 1995 hakuna aliyekuwa amethibitisha hata sayari moja inayozunguka nyota inayofanana na jua letu, ndo Michel Mayor na Didier Queloz wakaipata ile ya nyota 51 Pegasi, mwaka 2019 wakala Nobel yao, na leo zilizothibitishwa zimepita 6,000 na hesabu zilizotokana na darubini ya Kepler zinaonyesha sayari ni nyingi kuliko hata nyota. Halafu kuna suala la malighafi. Ule mchanga wa asteroidi Bennu ulioletwa duniani 2023, walipouchambua wakakuta amino asidi 14 kati ya zile 20 ambazo uhai unazitumia kutengeneza protini, na zile herufi tano za DNA na RNA, maandishi ya urithi ndani ya seli, zote zimo. Kwenye jiwe linaloelea huko! Na hapa kwetu uhai haukuchelewa, dunia ina miaka bilioni 4.5 na dalili za vijidudu tunazo kwenye miamba ya miaka bilioni 3.5, kwahiyo inaonekana mambo yalipopoa kidogo tu uhai ukaanza. Ukiniuliza kuhusu bakteria basi mimi na binamu tuko timu moja, nitashangaa sana nikiambiwa ulimwengu mzima hauna bakteria wengine.

Ila yeye haongelei bakteria. Anaongelea watu wenye vyombo, wenye redio, wa kuongea nao. Na hapo ndo lile neno "lazima" linapoanza kunikera.

Chukua mtoto aliyezaliwa Kilindoni, Mafia. Kila msimu ukifika anaona papa potwe wanakuja karibu kabisa na pwani, kwake ni jambo la kawaida, kwahiyo ukimuuliza bahari zingine zikoje atakwambia kila penye bahari pana papa potwe karibu na ufukwe, kwanini pasiwepo? Hajadanganya, ila amezaliwa palepale wanapopatikana. Sisi ndo huyo mtoto. Swali la "kuna wengine wenye akili?" linaweza kuulizwa tu kwenye sayari ambayo akili ilishatokea, sasa hata kama jambo hilo linatokea kwenye sayari moja kati ya matrilioni, hao wa sayari hiyo moja wataangalia kushoto na kulia waseme mbona imekuwa rahisi tu. Mfano mmoja haukupi wastani, hata uuangalie mpaka macho yaume.

Mwaka 1961 mwanaastronomia Frank Drake aliandika ile hesabu yake maarufu, unachukua nyota zinazozaliwa kwa mwaka, unazidisha na sehemu yenye sayari, unazidisha na sayari zinazofaa, halafu zile ambazo uhai unaanza kweli, halafu ambazo uhai unafikia akili, halafu akili inayotengeneza redio, mwisho unazidisha na miaka ambayo jamii hiyo inadumu kabla haijapotea. Vipengele vya mwanzo leo tunavijua vizuri tu. Hivyo vya katikati na mwisho ni kupiga ramli kwa kutumia kalkuleta, samahani lakini ndo ukweli, ukiweka namba za matumaini unapata mamilioni ya jamii na ukiweka namba za ubahili unapata pungufu ya moja. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Oxford, Anders Sandberg, Eric Drexler na Toby Ord, wakafanya kitu ambacho mi naona kilitakiwa kifanyike zamani sana, badala ya kuchomeka namba moja moja wakaweka upana mzima wa kutokujua kwetu kwenye kila kipengele. Matokeo yake, uwezekano kwamba tuko peke yetu kwenye ulimwengu wote unaoonekana sio mdogo hata kidogo. Hawajathibitisha kwamba tuko peke yetu, angalia hapo, walichosema ni kwamba ukimya tunaousikia hautakiwi kumshangaza mtu, na kwamba wingi wa nyota peke yake hauwezi kukupa jibu kwasababu namba kubwa ukiizidisha na namba ndogo usiyoijua unapata kitu usichokijua.

Shahidi wangu mkubwa kwenye hili yuko Berlin, ila kwao ni Lindi. Mjusi wa Tendaguru. Wajerumani walimchimbua kati ya 1909 na 1913, wabeba mizigo wetu wakatembea na mifupa kichwani hadi bandari ya Lindi, na sasa amesimamishwa makumbusho kule, zaidi ya mita 13 kwenda juu (mjadala wa kumrudisha au kutomrudisha tuuache leo). Yule mjusi aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Ukoo wake wa madainosaria ulitamba duniani zaidi ya miaka milioni 160, sisi binadamu wa leo tuna kama laki 3 tu, na kwenye muda wote huo hawakutengeneza hata jembe. Sio kwamba walifeli. Walikuwa wanakula, wanazaana, wanakua, maisha yanaenda, na bila lile jiwe lililopiga Mexico miaka milioni 66 iliyopita hakuna sababu ya kudhani wangeacha. Watu wanafikiri mabadiliko ya viumbe ni basi la Dar kwenda Mwanza, kwamba ukikaa kwenye siti muda wa kutosha utafika kwenye akili tu. Hamna basi, na hamna Mwanza. Kiumbe anabadilika kwa kinachomsaidia leo, na mara nyingi kinachosaidia leo ni meno.

Na kabla ya mjusi kuna kizingiti kingine ambacho binafsi kinanitisha zaidi. Kwa muda mrefu sana dunia ilikuwa na vijidudu vyepesi tu, ndo baadae seli moja ikaimeza nyingine au ikaingiliwa nayo wakakubaliana kuishi pamoja, na kutokana na ndoa hiyo tukapata seli kubwa zenye nguvu, zile ambazo miti, uyoga, pweza na wewe mnazitumia wote. Kwa tunavyojua waliofanikiwa ni ukoo huo mmoja tu, kwenye mabilioni ya miaka na matrilioni ya matrilioni ya vijidudu. Hapo ndo ningeweka dau kama ningeambiwa nichague wapi sayari nyingi zinakwama.

Upande wa binamu una jibu zuri hapa, na nimemsaidia mwenyewe kulipata maana alikuwa anahangaika. Akili haijatokea mara moja. Pweza ana akili, kunguru ana akili, pomboo ana akili, na mababu zao na zetu waliachana zamani mno, huyo pweza ndo usiseme. Hiyo inamaanisha kufikiri sio ajali ya ajabu, ni kitu ambacho asili inakirudia. Nakubali. Lakini pweza anaishi mwaka mmoja au miwili anakufa, na yuko kwenye maji, utawashaje moto kwenye maji? Bila moto hakuna kuyeyusha chuma, bila chuma hiyo redio unaitengeneza na nini, magamba ya chaza? Na dunia zenye maji tunazozitolea macho kwenye jua letu hili, kama Europa (mwezi wa Mshtarii) na Enceladus (mwezi wa Zohali), bahari zake zimefunikwa na barafu. Inawezekana kuna mjuzi mkubwa chini ya barafu anatunga mashairi, ila hajui hata kama kuna nyota.

Sasa nigeuke niwapige na hao wa upande wangu, maana wana ugonjwa wao. Wanapenda ile hoja ya mwanafizikia Enrico Fermi, mwaka 1950 wako mezani wanakula mchana akauliza, sasa wako wapi wote? Wanaoikuza wanapiga hesabu hivi: galaksi ina upana wa miaka nuru laki moja (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unaenda kwa mwaka), hata ukienda kwa asilimia 1 tu ya kasi ya mwanga unaikata kwa miaka milioni 10, na galaksi ina zaidi ya miaka bilioni 10, kwahiyo wangekuwepo wangeshafika, hawajafika, hawapo. Hoja safi ila imebeba mzigo wa kudhani kila mwenye akili anataka kutawanyika kama mfanyabiashara wa Kariakoo anavyofungua matawi. Na kuhusu kutowasikia, jamani, tumesikiliza kiasi gani? Jill Tarter aliyefanya kazi hii miaka mingi aliwahi kufananisha utafutaji wetu na kuchota glasi moja ya maji baharini. Uchote glasi moja pale Feri, uangalie, useme bahari haina samaki?

Sisi wenyewe tumefanya nini cha maana? Mwaka 1974 kupitia darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, tulituma ujumbe wa dakika pungufu ya 3 kuelekea kundi la nyota la M13, miaka nuru kama 25,000 kutoka hapa. Hiyo kwa Kiswahili inaitwa kubipu. Tumebipu mara moja, tumekata, na jibu kama lipo litafika baada ya miaka elfu 50. Na tarehe 15 Agosti 1977 darubini moja ya redio ya Ohio, Marekani, ilinasa mlio wa redio wenye nguvu kwa sekunde 72, muda ule ule ambao dunia ikizunguka inachukua kuipitisha darubini hiyo mbele ya pointi moja angani, mtafiti akaandika pembeni ya karatasi neno la mshangao. Wakarudi kusikiliza eneo hilo mara kibao, kimya. Namba ngeni imebipu, ukipiga haipatikani, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ilikuwa nini.

Pia mbingu zinajua kutania. Mwaka 1967 Jocelyn Bell alipata mapigo ya redio kila sekunde 1.33, yamenyooka kama saa, wakayapa kwa utani jina la vijitu vya kijani, kumbe ni nyota nyutroni, yani kiini kizito kinachobaki nyota kubwa ikilipuka, inajizungusha. Miaka michache baadae satelaiti ya Uhuru, ile iliyorushwa kutoka baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya ndo maana ikapewa jina hilo, ikakuta chanzo kingine kinapiga eksirei kila sekunde 4.8. Nyota nyutroni tena. Kwahiyo mtu akija na mlio wenye mpangilio mimi naweka maji ya chai kwanza.

Hapo sijagusa umbali. Chombo cha Voyager 1 kiliondoka 1977, kinaenda kilomita 17 kwa kila sekunde, na kingekuwa kinaelekea Proxima, nyota jirani kuliko zote baada ya jua, kingechukua zaidi ya miaka 70,000. Kimebeba santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, hadi wimbo wa mabinti wa Wambuti wa msitu wa Ituri umo, Kiswahili hakimo. Nilipogundua hilo niliumia kuliko ilivyotakiwa.

Kuhusu visahani vinavyoruka sitakaa sana. Wale watoto wa shule ya Ruwa, Zimbabwe, waliosema mwaka 1994 wameona chombo kimetua karibu na shule, nawaamini kwamba waliona kitu, nini sijui, na ripoti ya Pentagon, Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ya Machi 2024 ilisema haikupata ushahidi wa teknolojia ya nje ya dunia kwenye matukio waliyoyapitia. Shehe wa mtaani kwetu yeye ana msimamo wake, anasema Qurani imeshataja wanyama walioenezwa mbinguni na ardhini kwahiyo hashangai, na hao mnaowaona usiku ni majini tu.

Msimamo wangu ni huu: bakteria wapo kwingi, wenye akili ni wachache kiasi kwamba kwenye galaksi hii kwa wakati huu inawezekana kabisa ni sisi tu. Kinachoweza kunihamisha ni kitu kimoja, uhai wa pili kwenye jua hili hili, ulioanza kivyake bila undugu na wetu. Nyumba moja ikitoa mara mbili basi sio bahati, namba zote za katikati inabidi nizipandishe. Ila kabla binamu hajashangilia, mwanafalsafa Nick Bostrom ameshasema hiyo itakuwa habari mbaya, maana kama kuanza ni rahisi na bado mbingu ziko kimya, basi kinachoua jamii kiko mbele yetu, hatujakipita.

Chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 na kitafika Mshtarii 2030. Binamu ameshasema siku hiyo tukae pamoja tufuatilie, nyama choma juu yake. Nimekubali, ila nikamwambia kabisa kwamba chombo hicho hakikuundwa kutafuta uhai, kinaenda kuangalia tu kama mazingira yanafaa. Akanijibu, sasa si yakifaa lazima wapo.